Sikio la Nne

Shimo lilikuwa tupu. Koplo alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa huku na huku, kisha akainuka na vumbi la unga na udongo kwenye shati.

"Hakuna kitu, Afande. Wamebeba."

Ilikuwa Jumatano saa mbili asubuhi, siku moja baada ya tetemeko. Shimo lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, karibu kabisa na kifusi cha chumba cha fundi cherehani mwanamke ambaye mji mzima ulimwita Sindano. Jumanne saa kumi jioni ukuta wa mbele wa chumba hicho ulimwangukia akiwa anashona, akafa kabla majirani hawajamfikia. Mwenye mashine ya kusaga, Mzee Unga, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Sasa alikuwa mahabusu, na wapo waliokuwa wakisema kwa sauti kwamba mashine yake ichomwe moto, na yeye mwenyewe afungwe mpaka mvi zimwishe kichwani.

Kesi alipewa Inspekta mmoja mwanamke, mfupi, wa makamo. Kituoni walimbandika jina la Bi Kwanini, wala si kwa kumsifu. Hata binti yake alikwisha kumpiga marufuku kumsaidia masomo, maana kila jibu mama alilizalia maswali mawili.

Alichuchumaa ukingoni mwa shimo. Chini palikuwa na sakafu ndogo ya saruji, na bolti nne zikiwa zimesimama wima. Nati zake zilikuwa pembeni, zimepangwa mstari. Kufuli la kifuniko lilining'inia wazi, halina hata mkwaruzo. Kwenye ncha ya bolti moja kulikuwa kumenasa kipande cha sponji ya kijivu, kidogo kama ukucha. Inspekta alikitoa kwa kibano, akakitia ndani ya bahasha.

"Mwizi gani huyu anafungua nati kwa spana, halafu anazipanga?"

"Mwizi mstaarabu, Afande."

"Kwa nini awe mstaarabu?"

Koplo alitazama juu. Alishazoea kwamba swali la namna hiyo halikuwa lake.

Kilichoibwa kilikuwa mali ya mradi wa umeme wa mvuke wa ardhini, ule uliochimba visima viwili nje ya mji. Walioripoti wizi ni watu wa mradi, na mtuhumiwa walimtaja wao. Saa nne kasoro Inspekta alikuwa ofisini kwa mtaalamu wao mkuu, Daktari wa Mawe, mzee mpole mwenye macho yaliyovimba kwa kulia. Alikuwa ametoka msibani. Mezani kwake kulikuwa na vipande vya mwamba, bilauri za chai na sanduku jeusi la vyombo vyake vya kazi.

"Samahani, Inspekta. Marehemu alinishonea hii suruali. Nimeshindwa kuivua tangu jana."

"Pole sana, Daktari. Nimekuja kujifunza. Hicho kitu kilichokuwa shimoni ni nini?"

"Sisi tunakiita sikio. Tunayo manne, tumeyafukia kuzunguka mji, yanasikiliza ardhi. Ardhi ikitikisika kidogo, kule chumba cha mitambo inawaka taa ya njano, tunapunguza pampu. Ikizidi, inawaka nyekundu. Hapo tunazima kila kitu na kuyafungulia maji yatoke."

"Maji yanaingiaje kwenye tetemeko?"

Uso wa mzee ulichangamka. Alimimina maji ya moto ndani ya bilauri, akayamwaga, akailowesha meza, akaipindua bilauri juu yake. Bilauri ilikaa kidogo, kisha ikaanza kutembea yenyewe taratibu kuelekea ukingoni. Inspekta aliidaka, akacheka kama mtoto.

"Nyumbani huwa naiona! Nilidhani meza yetu imepinda."

"Hewa ya moto iliyonaswa ndani inainyanyua kiasi cha unywele tu, nayo inaondoka. Huko chini kuna ufa wa zamani. Pande zake mbili zinataka kupishana tangu enzi, ila uzito umezibana. Tukisukuma maji yapasue njia kwenye mwamba wa moto ili yarudi mvuke, mengine yanaingia kwenye ufa na kuunyanyua kama hivi. Ndiyo maana tunasukuma kwa adabu."

"Na jana?"

"Jana saa sita mchana masikio mawili ya mbali yalionyesha njano, tukazima pampu zote. Tetemeko limekuja saa kumi. Pampu zilikuwa zimelala muda mrefu."

"Kwa hiyo si nyinyi."

Daktari aliipangusa bilauri. Ilionekana kama anashindana na nafsi yake, na mwalimu aliyekuwa ndani yake akashinda.

"Siwezi kusema hivyo. Ukizima jiko, chungu hakipoi papo hapo. Maji yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutafuta njia. Tungekuwa na sikio la nne tungejua mapema, maana lile ndilo lililokaa juu ya ufa. Lakini Mzee Unga alikuwa na ugomvi nalo. Kila asubuhi akiwasha mashine, ule mtikisiko wake unaliwashia njano, sisi tunakwenda kumwomba azime, naye anakasirika. Wiki mbili zilizopita alisema mbele ya wateja wake, 'Nitaking'oa hiki kidude chenu.' Watu wote wamesikia."

"Ufunguo wa kufuli wanao nani?"

"Mimi na fundi wetu, Spana. Ila kufuli lile, ukilipiga jiwe tu linafunguka."

"Halikupigwa jiwe," alisema Inspekta.

Daktari alichukua lenzi yake mezani, akairudisha ndani ya sanduku jeusi. Sanduku lilipoinuliwa, lenzi iligonga ndani, ko ko ko. Akalifungua tena, akaishindilia kwa leso, akalifunga. Inspekta aliaga na kumshukuru kwa somo la bilauri. Alimpenda mzee yule, na jambo hilo lilimsumbua njia nzima.

Spana walimkuta chumba cha mitambo, mbele ya skrini. Alikuwa mwanamume mwenye mabega mapana, funguo zimejaa kiunoni, na vidole vyake vimefungwa bendeji.

"Jana saa kumi na moja ulikuwa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Hapa hapa."

"Jirani wa Sindano amekuona nyuma ya mashine ya kusaga."

Spana aliificha mikono nyuma. Koplo alisogea hatua moja kwa furaha, maana alimpenda mtuhumiwa mwenye funguo.

"Fungua bendeji," alisema Inspekta.

Kucha tatu zilikuwa zimeng'oka, na ncha za vidole zimechubuka vibaya. Spana aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilikwenda kufukua. Nilisikia Sindano yuko chini. Sikuwa na koleo, nikatumia mikono. Hapa ukiiacha skrini bila ruhusa unafukuzwa kazi, ndiyo maana nimedanganya. Mnisamehe."

"Kwenye kifusi ulikuwa na nani?"

"Mji mzima, mama! Kila mtu alikuwa anavuta tofali. Hata Daktari alikuja na begi lake, analia. Nani angemwangalia mwenzake?"

Inspekta alimfunga bendeji upya kwa mkono wake. Kisha akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Sikio la nne lilikatika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo jioni."

"Jioni?" Koplo aliruka. "Si tetemeko lilikuja saa kumi?"

"Ndiyo. Lilikuwa hai mpaka saa hiyo."

Koplo alikuna kichwa. Taarifa ya mradi ilisema sikio liliibwa, mradi ukakosa kusikia, watu wakapata maafa. Kumbe wakati wa maafa sikio lilikuwepo na lilikuwa linasikiliza.

"Basi Mzee Unga hana kesi, Afande. Aibe baada ya shughuli kwisha ili iweje?"

"Hilo ndilo swali zuri la kwanza ulilouliza tangu asubuhi. Mtu anaacha kufukua maiti, anakwenda kubeba sikio. Kwa nini? Labda kwa sababu tukilikuta lilivyokaa, litasema jambo." Akamgeukia Spana. "Nionyeshe wiki mbili nzima."

Mistari minne ilijipanga kwenye skrini. Mitatu ya kwanza ilikuwa na vijino vidogovidogo kama kitana, ikiongezeka kila siku. Wa nne ulikuwa na vurugu kubwa kila asubuhi mpaka Jumatano ya wiki iliyopita. Kuanzia Alhamisi ulinyooka.

"Huu mbona umetulia?"

"Lilishika adabu, mama. Njano ya asubuhi ikakoma, tukasukuma maji kwa nguvu zote. Bosi alifurahi mpaka akatununulia soda."

"Na hamkujiuliza?"

"Kitu kilichokuwa kinakupigia kelele kila asubuhi kikinyamaza, utakiamsha?" alisema Spana, naye aliona haya alipomaliza kulisema.

Saa nane mchana Inspekta aliagiza Mzee Unga aletwe chumba cha mahojiano. Unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. Hakugusa chai.

"Andika ni mimi," alisema kabla hajaulizwa.

"Ni wewe umefanya nini?"

"Nimemwua dada yangu. Hilo sikio silijui, sikuligusa. Lakini ule ukuta ni mashine yangu imeulegeza. Miaka yote natikisa pale. Ndugu wote walinionya kwamba nyumba na mashine havikai pamoja, nikajifanya kiziwi. Niandikie nitie sahihi."

"Ukuta uliolegea hauangushi matangi ya maji upande wa pili wa mji, Mzee. Jana yameanguka matatu. Niambie, wiki hii umesaga?"

"Kila siku. Tangu asubuhi mpaka saa tisa. Watu wale nini?"

"Hata Alhamisi? Ijumaa?"

"Uliza wateja. Foleni ilifika barabarani."

Inspekta aliinamisha kichwa, akafikiri. Kisha akauliza kwa upole, "Na jana saa kumi mashine ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa imezimwa." Mzee Unga alianza kujisugua magoti. "Mimi na dada tulikuwa na utaratibu wetu. Akitaka kutunga uzi kwenye tundu la sindano, au kukata kitambaa cha mtu mkali, anagonga ukuta kwa rula yake ya mbao, mara mbili. Mimi nazima. Akimaliza anagonga mara moja, nawasha. Hatukuwa tunaitana. Wateja walitucheka, wakasema watoto wa mama mmoja wanaongea kwa tofali."

"Jana aligonga?"

Mzee Unga alijipangusa unga kwenye nyusi.

"Jumapili jioni aligonga mara mbili. Mashine imezimwa, mimi napiga hesabu zangu. Nikapaza sauti, 'Dada, imelala hii, unaota!' Akasema anahisi meza yake inatetemeka. Nikamwambia avae miwani. Jumatatu jioni akagonga tena, nikacheka. Jana akagonga. Nilikuwa nimechoka, nikajua ananichokoza. Sikujibu. Hata kikohozi sikutoa. Nikasikia kiti chake kinakwaruza, halafu chini kukapiga mngurumo." Alifunika uso. "Jambo la mwisho aliloniambia duniani, nimelinyamazia."

Koplo, mtu wa kupenda pingu, alitoka nje akajifanya anatafuta maji. Inspekta alibaki. Machozi yalimlengalenga, lakini nyuma ya machozi akili yake ilikuwa imekwisha kusimama wima. Jioni tatu mfululizo mwanamke amehisi ardhi ikitetemeka juu ya ufa, na jirani yake kuna sikio la gharama kubwa linalosema shwari.

"Mzee," alisema, "kesho nitakuomba uwashe mashine."

"Ile sitaiwasha tena mpaka nife."

"Utaiwasha. Ina ushahidi wa kutoa."

Alhamisi saa nne asubuhi walikusanyika nyuma ya mashine: Inspekta, Koplo, Mzee Unga, Spana akiwa na kompyuta ya mkononi na sikio la akiba, na Daktari wa Mawe, aliyeombwa aje na sanduku lake ili asaidie utaalamu. Majirani walijaa uani, wengine juu ya tofali za kifusi, na ukimya wao haukuwa wa heri kwa Mzee Unga.

"Spana, lifunge sikio kwenye bolti zake," alisema Inspekta.

Kazi ilichukua muda. Nati nne, moja moja, spana ikiteleza, jasho likimtoka. Inspekta aliangalia saa yake. Alipoinuka Spana, mstari ulitokea kwenye kompyuta.

"Washa, Mzee."

Mzee Unga alisimama mbele ya swichi ya injini yake ya dizeli kama mtu aliyeambiwa amshike nyoka. Kisha akawasha. Ardhi ilianza kutetemeka miguuni, unga ukaruka kutoka kwenye rafu, na ule mstari ukachanganyikiwa, ukapanda na kushuka mpaka ukatoka nje ya kioo.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumatano ya wiki iliyopita," alipaza sauti Inspekta juu ya mngurumo. "Kuanzia Alhamisi mashine imesaga kila siku, na sikio halikusikia kitu. Daktari, kwa nini?"

"Kompyuta zetu zinaweza kuchuja kelele za mashine," alisema Daktari. "Pengine walirekebisha."

"Spana, mlirekebisha?"

"Hapana. Ningekuwa mimi ndiye wa kurekebisha."

"Basi nikuombe sanduku lako, Daktari."

Mzee alilikumbatia kidogo, kisha akalitoa. Inspekta alilifungua mbele ya watu. Ndani lilitandikwa sponji ya kijivu yenye vijimraba, na kwenye kona moja sponji ilikuwa imekatwa, pamebaki pengo la ukubwa wa tofali. Leso ilikuwa imeshindiliwa pale. Inspekta alitoa bahasha yake, akakiweka kile kipande cha ukucha kando ya sponji. Rangi ile ile, vijimraba vile vile.

Kisha akachana sponji iliyobaki, akamwambia Spana alifungue sikio, alilaze juu yake. Mashine iliendelea kunguruma. Ule mstari uliokuwa umepagawa ulishuka, ukashuka, ukanyooka.

Spana alipiga kelele, "Ndiyo huo! Huo ndio tuliouona sisi!"

Mzee Unga alizima mashine. Ghafla kila mtu alisikia pumzi ya mwenzake.

"Hukutaka kudhuru mtu," Inspekta alimwambia Daktari. "Mashine ilikuwa inakuwashia njano kila asubuhi, ukalaza sikio kwenye sponji ili mpate kusukuma. Jumanne watu wakifukua, ulikuja na begi. Kulirudisha sikio na kufunga nati nne kunataka nafasi, nasi sote tumeona leo. Kunyanyua kitu na kukitia begini ni mara moja. Ulipitiwa na kipande kimoja tu. Nimekosea wapi?"

Daktari wa Mawe aliketi juu ya tofali, ndani ya suruali aliyoshonewa na marehemu.

"Nilidhani ni kelele ya mashine tu," alisema. "Niliandika maombi sikio lihamishwe, nikaambiwa nisubiri. Wakubwa walitupa muda mpaka mwisho wa mwezi, mvuke usipotoka wafunge kisima. Miaka yangu yote iko kwenye kisima kile. Na Sindano kila nikipita ananiuliza, 'Daktari, umeme lini? Miguu imechoka kukanyaga cherehani.' Nikajiambia siku chache tu."

"Sikio lingekuwa kwenye bolti zake, nyekundu ingewaka lini?"

"Jumapili," alisema mzee. Hakusitasita, maana hata pale hakuweza kudanganya kuhusu mawe. "Jumapili jioni. Tungefungua maji yatoke. Pengine lisingekuja kabisa."

"Haya. Pupa ni kosa, na huenda ungepata wa kukuelewa. Lakini huyu hapa amefiwa na dada yake, na wewe ukaja kituoni kumtaja. Kwa nini?"

Daktari aliinua macho, akakutana na ya Mzee Unga, akayashusha.

"Alikwisha kusema mbele ya watu ataling'oa. Ilikuwa rahisi."

Mnong'ono wa hasira ulipita uani. Koplo alitoa pingu, safari hii bila furaha, akamfunga Daktari taratibu. Sikio lenyewe, alisema mzee, liko ghalani kwake, ndani ya sanduku la sampuli za mwamba. Walipoondoka naye, majirani walimpisha njia bila kumgusa. Mama mmoja aliyekuwa amesema mashine ichomwe alimsogelea Mzee Unga, akataka kusema kitu, akaishia kumpangusa unga begani.

Inspekta alibaki nyuma. Mzee Unga alikuwa ameingia ndani, amesimama kwenye ule ukuta uliotenganisha mashine na chumba cha dada yake. Huo haukuanguka. Upande wa pili, kimo cha mtu aliyeketi, plasta ilikuwa imechimbika kwa miaka ya kugongwa na rula.

"Kumbe hakuwa ananichokoza," alisema.

"Hapana. Alisikia alichopaswa kusikia Daktari, na alikuambia wewe."

"Ningemjibu juzi..."

"Ungemjibu nini, Mzee? Ungemwambia mashine imezimwa. Angerudi kwenye kazi yake."

Mzee Unga aliufikiria ukweli huo. Haukumtosha, lakini alionekana kuupokea. Nje mteja mmoja alikuwa ameshatua gunia la mahindi mlangoni, anasubiri bila kuuliza.

Mzee Unga alikunja ngumi, akagonga ukuta mara mbili. Akasubiri kidogo, kichwa kimeinama. Kisha akagonga mara moja, akaenda kuwasha mashine.